Pua Zisizo na Taa

Fundi Subilaga Mwaisaka hakuwa na gari. Hakuwa na msaidizi, wala mita ya pili ya umeme ya kuhakikishia ile ya kwanza. Hakuwa na betri ya akiba, kwa sababu betri ziliacha kuuzwa madukani yeye akiwa bado msichana. Sasa ziligawiwa, kila kifaa na yake, zikiwa zimefungwa kwa lakiri nyekundu ya Bohari Kuu. Hakuwa na kibali cha kuvunja lakiri hiyo. Hakuwa na njia ya kurudi mjini kabla ya masika kwisha, maana daraja la chini lilikuwa limechukuliwa na maji, na lori la chai lililopita njia ya juu lilibeba majani na barua tu. Tena hakuwa na usingizi, kwa kuwa alikuwa amefikia Isubwe, na Isubwe mgeni halali vizuri mpaka azoee kulala juu.

Vitanda vya bonde lile vilipandwa kwa ngazi. Chini yake, usawa wa goti, kwenye ukuta wa kila nyumba, palikuwa na kijisanduku cheupe chenye taa ya kijani. Wenyewe walikiita pua.

Tangu mlima utikisike, hewa nzito ilikuwa ikitoka katika nyufa za ardhi. Haina rangi, haina harufu, na haipandi kama moshi. Hutiririka kama maji na kutafuta mahali pa chini, na asubuhi isiyo na upepo hujaa bondeni kama uji katika bakuli. Anayeivuta hakohoi. Hulala. Ndiyo maana pua hupigiliwa chini, ili inuse kabla hewa haijafika kitandani. Ikinusa hatari, hulia, na pua za majirani hulia nayo.

Mwaka ule Bohari Kuu ilikuwa imetangaza kwamba mgao wa betri wa Isubwe umeahirishwa. Betri zote mpya zilikwenda kwenye mashine za hospitali, na hakuna aliyeweza kusema hospitali zisipewe. Subilaga alitumwa na agizo moja tu: pua za Isubwe ziishi kwa betri zilizomo mpaka masika mengine yapite.

*

Alianza kazi kwenye meza ya Bibi Tusekile, mjane aliyempa chumba. Bibi alikaa pembeni akimenya ndizi, akitazama pua ya nyumba yake ilivyofunguliwa matumbo.

"Mwanangu, hicho kidude cheusi katikati ndicho nini?"

"Ni ubongo wake, Bibi. Tunaita chipu."

"Mdogo hivyo? Na wewe unataka ukae na njaa?"

"Nataka ulale. Ubongo huu haulali, Bibi. Unanusa, ukimaliza unakaa macho bure ukingoja kunusa tena. Kazi yake ni kufumba na kufumbua, lakini unakula mshahara wa kutwa nzima."

"Kama mwenyekiti wetu," alisema Bibi, akaendelea na ndizi.

Kupunguza ulaji wa kifaa kidogo ni kazi ya kutafuta wezi wengi wadogo, wala si jambazi mmoja. Subilaga aliwafuata mmoja mmoja kwa mita yake. Kihisio, yaani tundu lenyewe linalonusa, kilikuwa kikipashwa moto muda wote. Akaweka transista kama mlango, umeme ukiingia pale tu pua inapotaka kunusa na kufungwa baada ya hapo. Redio ilikuwa ikitangaza "sijambo" mara kwa mara hata kama hakuna aliyeuliza. Akaiamuru iseme pale tu penye habari. Miguu ya chipu isiyotumika ilikuwa imeachwa ikining'inia, na mguu unaoning'inia huhangaika na kula umeme. Akaitia yote katika utulivu. Mwisho akaandika upya amri za usingizi. Chipu izime kila kitu isipokuwa saa yake ndogo ya ndani, ilale fofofo, iamke kila baada ya dakika mbili, inuse, irudi kulala.

Akapima tena. Sindano ya mita haikushuka alivyotarajia.

Mwizi aliyebaki alikuwa taa. Hakuwa mdogo hata kidogo. Ile nuru ya kijani ilikula kuliko ubongo, redio na kihisio kwa pamoja. Na haikupitia kwenye chipu. Waliotengeneza pua waliifunga moja kwa moja kwenye betri, nyuma ya lakiri, ili asitokee fundi wa kuizima.

*

Jioni alizungusha mkono wa redio ya kazi mpaka ikapata nguvu, akamwita Mhandisi Gwamaka, mkuu wake wa mjini. Walikuwa wamesoma darasa moja, na Gwamaka hakuwa mtu mbaya.

"Taa usiiguse," alisema Gwamaka. "Punguza kunusa. Badala ya dakika mbili, weka saa moja. Nimepiga hesabu, betri itafika."

"Gwamaka, asubuhi isiyo na upepo hewa inapanda kutoka kisiginoni hadi kitandani kabla chai haijachemka. Saa moja ni muda wa mtu kufa na kupoa."

"Asubuhi za namna hiyo ni chache kwa mwaka."

"Na taa itakuwa inawaka muda wote huo, ikiwaambia kuna mlinzi?"

Redio ilikwaruza. "Shemeji yangu alikuwa bonde la Mbasi taa zilipozimika kwa hitilafu. Watu walikimbia gizani, wakaangukia korongoni. Hewa haikuua mtu siku ile, Subi. Hofu iliua. Taa nayo ni kinga."

Lile lilikuwa neno la kweli. Subilaga alizima redio akakaa akitazama nuru ya kijani ukutani. Angeweza kuwapa watu taa inayowaka juu ya pua iliyolala, wakastarehe. Au pua inayonusa chini ya taa iliyozimwa, wakaogopa. Kwa vyote viwili betri isingetosha.

*

Siku ya pili mkutano ulifanyika mbele ya ghala la ndizi. Subilaga aliwaeleza wazi, bila kuficha agizo la Bohari wala kwamba kuvunja lakiri ni kosa la kunyang'anywa leseni. Mwenyekiti Ambokile, mtu mnene mwenye sauti ndogo, ndiye aliyejibu kwanza.

"Dada fundi, hapa kwetu pua yenye taa ni mzima, isiyo na taa ni maiti. Wewe unataka kila nyumba ilaze maiti ukutani."

"Taa inasema betri ina nguvu, Mwenyekiti. Haisemi kwamba pua inanusa."

"Nani kasema?"

"Mimi ninayeifungua."

Lugano, msaga mahindi, alisimama. Watu walianza kucheka kabla hajafungua kinywa, kwani yeye hakupata kusema jambo bila kulitia chumvi.

"Mimi naona tumwelewe fundi," alisema. "Mke wangu Atuganile akikunja uso usiku, uso ukazima kabisa, bado ananisikia nikirudi nimechelewa. Taa haipo, lakini kunusa ananusa!"

"Na leo nitakunusa vizuri," alisema Atuganile kutoka upande wa akina mama.

Kicheko kile ndicho kilichopitisha hoja. Walikubali mchana ule, na kwa juma zima Subilaga alipita nyumba hadi nyumba akivunja lakiri kwa kisu, akikata waya wa taa, akifunga sanduku. Pua moja baada ya nyingine, kijani kikatoweka Isubwe. Zilinusa kila dakika mbili, na kwa kipimo chake zingenusa hivyo mpaka masika mengine na kuzidi.

Asilolijua ni kwamba kukubali mchana si sawa na kulala gizani.

*

Asubuhi moja ukungu ulikaa chini bila kutikisika. Subilaga alikuwa jikoni kwa Bibi aliposikia pua ya Bibi ikilia, na nyingine, na nyingine, kutoka upande wa kinu. Watu wakatoka wakipanda mlima kama walivyofundishwa, vitambaa mdomoni, watoto mabegani. Kutoka nyumba ya Lugano alitoka Atuganile peke yake, kinyumenyume, akimburuta mumewe kwa makwapa.

Kuku wao wote walikuwa wamelala chini ya ghala, miguu juu.

Lugano alizinduka juu kilimani jua lilipokwisha kupanda. Alimtambua mkewe. Alipotaka kusema, neno lilikwama, akalitafuta kama mtu anayetafuta ufunguo katika mfuko wenye tundu, na lilipokuja lilikuwa neno jingine.

Upepo uliposafisha bonde, Subilaga aliingia katika nyumba ile na Mwenyekiti. Kwenye msumari wa ukutani, usawa wa goti, palikuwa na pua inayowaka kijani kizuri. Aligeuza sanduku. Nyuma yake palikuwa na msalaba wa wino ambao Bohari huchora kwenye pua iliyochakaa kihisio. Ilikuwa pua ya marehemu mama yake Lugano, iliyokuwa kabatini miaka. Haikuwa na uwezo wa kunusa hata moshi wa sigara, lakini betri yake ilibakiwa na nguvu kidogo, na taa iliwaka.

Pua yao halisi, ile aliyoikata taa kwa mkono wake, waliikuta imeegeshwa juu ya boriti, pamoja na jembe na sandarusi. Ndiyo iliyolia kwanza, kwa kuwa nyumba yao ndiyo ya chini kuliko zote bondeni. Lakini ililia hewa ilipofika huko juu, baada ya kupita magoti, baada ya kupita kitanda. Lugano alikuwa ameshuka chini kuwasha moto; mkewe alikuwa amekwisha kutoka nje, akaingia kumvuta huku amebana pumzi.

Atuganile alisimama mlangoni.

"Mume wangu alishindwa kulala," alisema. "Kila akifumbua macho anaona ukuta mweusi. Akasema, tuitundike ya mama hapa, hii nyingine iwekwe popote, kama inanusa itanusa popote. Mimi nilikubali. Dada Subilaga, ulituambia ukweli, lakini hukutuachia mahali pa kuushikia."

Mwenyekiti alikohoa. "Ungetuachia taa zetu, leo pua ya Lugano ingekuwa kwenye msumari wake."

Hilo nalo lilikuwa kweli. Subilaga alishika pua mbili, moja kila mkono, inayowaka na isiyowaka.

*

Gwamaka alisikiliza habari yote bila kumkatiza.

"Yuko hai?"

"Yuko hai. Maneno yanampotea."

"Pole. Sikiliza. Andika ripoti fupi. Mwenye nyumba alihamisha kifaa kutoka mahali pake. Ni kweli au si kweli?"

"Ni kweli."

"Basi ishia hapo. Habari ya lakiri usiitaje. Rudishia waya za taa, weka kunusa kwa saa moja kama nilivyokuambia, nami nitaandika kwamba kazi ilifanyika kwa agizo. Leseni utabaki nayo. Subi, mimi sikuombi useme uongo."

"Hapana. Unaniomba niache taa iuseme kwa niaba yangu."

"Una njia nyingine?"

Hakuwa nayo. Alimwambia atamjibu.

Alfajiri iliyofuata aliamka na kukaa kwenye ngazi ya kitanda chake, akisikiliza. Atuganile alikuwa amekuja, kama alivyokuja kila asubuhi kabla ya msiba na hata leo baada yake, kumwamkia Bibi. Hii ni desturi ya Isubwe: mdogo huenda kwenye mlango wa mkubwa, hupiga goti, hubisha hodi na kuuliza ameamkaje. Mkubwa huitikia kutoka ndani. Asipoitikia, mlango husukumwa.

"Shikamoo, Bibi. Umeamkaje?"

"Marahaba. Nimeamka, ila goti la kulia limekataa. Lugano?"

"Amekunywa uji. Ameniita kwa jina la dada yake."

"Dada yake alikuwa mzuri. Usikasirike."

Atuganile alicheka kidogo, mara ya kwanza tangu asubuhi ile ya ukungu. Alipoondoka, Subilaga alishuka.

"Bibi, kwa nini wanakuja kila siku?"

"Kujua kama nimekufa."

"Na usiku kucha wanajuaje?"

"Hawajui. Wanalala." Bibi alimtazama kama anayemtazama mtoto mzito wa kufahamu. "Mimi sina taa usoni, mwanangu, na mpaka leo hakuna aliyenizika kwa makosa. Anayetaka kujua, aulize. Nami nikiulizwa naitika."

Subilaga alikwenda mezani akafungua pua ya Bibi. Katika ile miguu ya chipu aliyoitia utulivu, mmoja ulikuwa na kazi ambayo hakuna aliyewahi kuitumia. Chipu iliyolala fofofo haisikii lolote, isipokuwa mguu huo ukiguswa. Hauli umeme wakati wa kungoja. Unaweza kungoja mwaka mzima kwa gharama isiyosogeza sindano ya mita. Ukiguswa, chipu yote huamka mara moja.

Aliunganisha mguu ule na kipande cha bati, akakiweka usoni mwa sanduku mahali taa ilipokuwa. Kisha akaandika amri. Mtu akigusa bati, pua iamke, ipashe kihisio, inuse kwa kweli, na ikishanusa iitike kwa mlio mfupi mara mbili. Sauti aliipitisha kwenye njia ileile ya kihisio, kwa makusudi, ili pua iliyoharibika isiweze kuitika hata ikitaka. Gharama ya kuitika mara moja ilikuwa sawa na taa kuwaka kwa muda wa mtu kupiga chafya.

"Iulize, Bibi."

Bibi Tusekile alishika ukuta, akakunja goti lililokubali, kwa kuwa kijisanduku kilikuwa chini na hapakuwa na namna ya kukigusa ukiwa umesimama. Akaweka kidole.

Kimya kidogo. Kisha: *ti, ti.*

"Loo," alisema. "Mimi mkubwa namwamkia huyu?"

"Yeye halali usiku kwa ajili yako."

Bibi alifikiri. "Basi anastahili."

Habari ilitembea kuliko fundi. Subilaga alipofika nyumba za mbali tayari walikuwa wanajua la kufanya. Waligusa kabla ya kupanda kitandani, waligusa walipoamka kukojoa, na wageni waligusa kabla ya kukaa. Pua moja haikuitika. Akaifungua, akakuta kihisio kimekufa siku nyingi chini ya taa iliyokuwa ikiwaka vizuri. Akawahamishia wenye nyumba pua nzima kutoka ukuta wa ghala la ndizi, pasipolala mtu. Wala hakutokea tena mtu wa kupandisha pua kwenye boriti, maana kitu unachokipigia goti kila asubuhi huwezi kukiweka pamoja na jembe.

Betri zilipungukiwa kidogo kwa kuguswa sana. Alipiga hesabu mara mbili. Zingefika.

*

Barua aliiandika mezani kwa Bibi, kwa mkono, kwa kuwa Bohari Kuu haikupokea kwa redio jambo linalohitaji sahihi.

Aliandika kwamba amevunja lakiri za nyumba zote za Isubwe, kwa kisu chake, bila kibali. Aliandika kwamba alizima taa kabla ya kuwapa watu kitu badala yake, na kwamba Lugano Mwambungu amepoteza sehemu ya usemi wake kwa sababu hiyo. Mwenye nyumba alihamisha kifaa, lakini fundi ndiye aliyekifanya kionekane maiti. Alichora mchoro wa bati na mguu wa chipu, mstari kwa mstari, ili fundi wa bonde jingine aweze kuufuata bila kuuliza. Alisema taa ya kijani haimlindi mtu, na kuongeza saa za kulala za pua huku taa ikiwaka ni kuwadanganya watu waliolala. Leseni yake aliikunja akaitia ndani. Alifikiri kidogo kuhusu Gwamaka, ambaye angelazimika kuisoma na kuipeleka juu, akaongeza mstari mmoja kwamba Mhandisi alimkataza kugusa taa, na kwamba sababu zake hazikuwa mbaya.

Hakuomba msamaha. Aliona kuomba kungechukua nafasi ya mchoro.

Atuganile aliingia akimwongoza mumewe. Lugano alitembea vizuri. Ni maneno tu yaliyomkimbia. Alisimama mbele ya pua ya Bibi, akapiga goti polepole, akagusa bati.

*Ti, ti.*

Midomo yake ilitafuta. Wote walingoja, hakuna aliyemsaidia.

"Huyu," alisema Lugano, "anaitika... upesi kuliko... mke wangu."

Atuganile alimpiga kofi la bega, akaficha uso kwenye kanga.

Lugano akaonyesha barua. Subilaga alimsomea sehemu inayomhusu yeye, na alipomaliza alimuuliza kama iondolewe. Alitikisa kichwa kukataa. Akachukua kalamu, na chini ya sahihi ya fundi akaandika jina lake lote, bila kukosea herufi.

Gundi haikuwapo. Bibi Tusekile alichukua tonge la ugali wa mchana, akalilainisha kwa vidole, akapaka ukingo wa bahasha, akaukandamiza juu ya meza kwa kiganja mpaka ukashika.

"Hii lakiri," alisema, "wao wenyewe ndio watakaoivunja."

Lori la chai lilikuwa limekwisha kupiga honi njia ya juu. Subilaga alipanda hadi barabarani na bahasha mkononi, akampa dereva kupitia dirishani. Dereva aliigeuza, akanusa ugali, akacheka, akaitia chini ya turubai juu ya majani mabichi. Lori likaondoka.